Jalada la Usalama Kazini

Rafu ya chuma pale masjala ilikuwa imeinama kama mlevi anayetafuta ukuta, na chini yake alikaa mpiga chapa mwenye mimba ya miezi saba. Karani mkuu wa masjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na hakuona sababu ya kumung'unya maneno. Alimwandikia mkuu wa ofisi kwamba rafu ile itamwangukia mtu.

Barua ilirudi na maandishi mekundu pembeni: ihifadhiwe kwenye jalada la Usalama Kazini. Na jalada hilo lilikaa wapi? Juu kabisa ya rafu ile ile. Shangazi alipanda ngazi, akaiongezea rafu uzito kwa mkono wake mwenyewe, akashuka akitukana kimoyomoyo. Barua ya pili ikarudi vivyo hivyo. Ilipofika ya tano, jalada lilikuwa limenenepa hadi likafunguliwa la pili.

Mkaguzi wa usalama naye akaja. Alikunywa chai kwa mkuu, akachungulia masjala toka mlangoni, akatia alama ya vema fomu nzima. Shangazi alipomwonyesha rafu, alijibiwa kwamba fomu haina sehemu ya rafu. Akaomba basi meza ya mpiga chapa ihamishwe tu. Mkuu akasema hilo lahitaji kibali cha makao makuu, awe na subira.

Subira! Kwani tumbo la mtoto wa watu lilikuwa linangoja kibali?

Alhamisi, wote walipokwenda ukumbini kusikiliza somo la usalama, Shangazi alibaki. Alivua viatu, akaikokota meza peke yake hadi dirishani, kiuno kikimuuma vibaya. Jumatatu yake, saa nne asubuhi, rafu ikaja chini yote, vyuma, majalada na vumbi, pale pale meza ilipokuwa.

Mkuu alifika mbio. Alitazama lile rundo, kisha akatazama dirishani, ambako mpiga chapa alikuwa amelishika tumbo kwa mikono miwili.

"Nani aliidhinisha meza ihamishwe?" aliuliza.

Hasira zilimpanda Shangazi hadi zikamwishia, akabaki amechoka tu.

"Mimi," alisema. "Niandikie barua, bosi. Ila safari hii nitaihifadhi sakafuni."