Ubao wa Mswisi

Mchoraji wa Uswisi aliyewahi kuishi kwetu Songea alimwachia baba ubao wa kuchapia aliouchonga mwaka 1957. Ni miduara na pembetatu tu, hakuna mtu wala mti. Alimweleza desturi yao: nakala zikitimia, mchoraji huupiga ubao mkato mzito ili mtu asiweze kuchapa nakala nyingine.

Nilipoanza biashara ya mikoba nilimpa ubao huo laoban mmoja wa Kichina, bosi wa karakana ya mikoba huko Shiling, mji wa viwanda vya ngozi, achapie mikoba yangu mimi peke yangu. Wiki ya pili nikaikuta mikoba ileile Dengfeng, mtaa tunakonunua mali wafanyabiashara wa Kiafrika, kwenye duka la mtu mwingine.

Nilirudi Shiling nimepandwa na mori. "Mwizi mkubwa wewe!" Nikakwapua kisu cha kukatia ngozi, nikaupiga ubao mkato kutoka kona hadi kona. Laoban akanirukia. Nikampiga kiwiko cha mdomo, jino likadondoka. Tukagombania kisu, kiganja changu kikapasuka, damu ikajaa kwenye ule mkato. Mafundi wakanitupa nje.

Nilishonwa nyuzi tisa. Nikajiambia, Herieth, angalau umemkomesha.

Leo nimepita Dengfeng. Mikoba mipya imening'inia, na juu ya miduara yangu umepita mkato, kona hadi kona, umetiwa rangi nyekundu.

"Chukua huo, dada," muuzaji akaniambia. "Ndio unaotoka sana kuliko ule wa kwanza."