Chumba Kisicho na Kuanza Upya

Kila asubuhi, kabla hata sijavua koti, mimi hucheza mchezo wa kompyuta tunaoutengeneza, nikitafuta kasoro. Ndiyo kazi yangu: kugonga kuta, kufungua milango, kufa na kufufuka. Shujaa wetu si mtu mwema. Anawasaka waliomuua mkewe, na wachezaji wanampenda kwa sababu uchungu wake ni wa kweli.

Leo mlango wa ghala haukunipeleka ghalani. Nilijikuta kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi yetu. Kaunta ileile yenye ufa, pazia lilelile la kijani. Nyuma yake alikaa muuza dawa, miwani imefungwa uzi kama ilivyo. Saa ya ukutani ilisema saa nne, wakati anapokunywa chai peke yake.

Nilitaka kurudi mwanzo. Kitufe cha kuanza upya kilikuwa kimeondolewa.

Vyumba vyote huchorwa na mtu mmoja, tunayemwita Kimya. Mwaka jana mama yake alipewa dawa isiyo yake dukani pale, akafa. Msibani hakulia. Alisema yaliyopita si ndwele, nasi tukamwamini.

Juzi tu tulibishana. Nilisema shujaa aachiwe nafasi ya kusamehe. Akacheka, akasema mimi ningemsamehe hata mbu. Kwake, aliyeonewa ndiye hakimu. Nikamjibu kwamba hukumu ya hakimu huyo haikatiwi rufaa. Hakucheka tena.

Sasa ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Kimya alisimama mezani pake, akachukua mkoba, akaukumbatia kifuani.

Mimi ambaye huwasalimu wageni nikitazama sakafu, nilijikuta nimesimama mlangoni, nimemzibia njia.

"Nimekiona chumba, kaka."

Akasema amekiweka kwa bahati mbaya. Kilikuwa chake binafsi. Akaniomba nimpishe. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulionitisha zaidi.

Nikamwambia kwamba kwa miaka mitano hajawahi kuweka faili kwenye kazi ya pamoja bila kulikagua mara tatu. Na kila asubuhi wa kwanza kulifungua ni mimi. Hilo analijua.

Akaushusha mkoba kutoka kifuani.

"Niliweka ili ukione," alisema. "Nizuie, dada."