Bangili za Mwezi wa Saba

Sulbha alikuwa anachomeka shuka chini ya godoro, chumba cha hoteli, ghorofa ya juu, bendeji moja ikateleza mkononi na bangili zikalia. Akatulia. Mlango ulikuwa wazi, na Madamu Lobo, msimamizi wao, alikuwa koridoni anapitisha kidole juu ya fremu za picha kutafuta vumbi.

"Si ulisema umeungua na pasi?" Madamu Lobo akaingia. "Hebu niione hiyo pasi."

Sulbha akafungua bendeji zote mbili. Bangili za kioo, za kijani, mikono yote miwili. Mama mkwe wake alimvalisha jana mbele ya majirani, maana mimba imeingia mwezi wa saba, na Mumbai nzima inajua kijani hicho kinasema nini. Sare ya kazi ni pana, inaficha tumbo. Bangili hazifichi kitu. Na wao wafanyakazi wa mkandarasi, mimba ikijulikana tu, kazi imekwisha.

Madamu Lobo hakugomba. Alisema wageni wanalipia utulivu, hawalipii njuga. Azivue kwa sabuni. Kuhusu tumbo, yeye hajaona kitu, na hataona kitu mradi mikono iwe mitupu.

Kwenye choo cha wafanyakazi, Parveen, mwenzake wa kazi na jirani yake wa nyumbani, alimpaka sabuni mpaka kwenye viwiko. Wakavuta, wapi. Vidole vimevimba.

"Zivunje tu, dada. Utanunua nyingine."

"Dattu yuko kwenye kamba leo."

Parveen akaacha kuvuta. Dattu, mume wa Sulbha, anapaka rangi maghorofa, ananing'inia nje kutwa nzima. Na bangili za mke zinavunjwa siku moja tu, siku mume amekufa na maiti yake inapelekwa kuchomwa.

"Wako anashinda kwenye kamba, wangu anashinda kwenye chupa," Parveen akasema, "halafu wanaokosa usingizi ni sisi." Akamfunga bendeji upya, kwa nguvu.

Mchana hoteli ilijaa watu wa harusi. Ukumbini waliweka makapu ya bangili za kioo, kila mgeni wa kike achague rangi yake. Wakapita koridoni bangili zikilia chwa chwa chwa, na Madamu Lobo akiwabonyezea lifti, anatabasamu.

Jioni, mlango wa nyuma, foleni ya kukaguliwa. Mlinzi Kadam alipapasa bendeji, akaomba zifunguliwe. Alipoziona bangili akauliza kama ni za harusi, kwa sababu ameambiwa vitu vya wageni visitoke. Sulbha akasema ni zake, Madamu Lobo aliziona asubuhi. Basi Madamu akaitwa.

Akashuka. Akatazama ile mikono, halafu akatazama ukuta. Akikubali kwamba aliziona, itabidi aeleze kwa nini alimwacha afanye kazi nazo.

"Mimi sikuona bangili yoyote," akasema. "Azivue, zibaki hapa."

Sulbha akaweka mikono yote miwili juu ya meza ya Kadam.

"Hazivuliki. Zivunje wewe, kaka."

Kadam alilitazama rungu lake pale mezani. Akalisogeza mbali.

"Madamu, nisamehe. Nina mke nyumbani."

Madamu Lobo akasema basi, kitambulisho kibaki mezani, na kesho asije. Sulbha akakivua shingoni, akakiweka. Kadam hakutaka kumpekua tena. Akamuuliza polepole, macho chini, mimba ni ya mwezi wa ngapi.

"Wa saba," akajibu, kwa sauti, mpaka wa mwisho kwenye foleni akasikia.

Madamu Lobo alikuwa ameshageuka kurudi kwenye lifti. Mwanamke aliyefuata akasogea mezani, akainua mikono akaguliwe.