Mdomo wa Mke wa Kasisi

"Mdomo kama huo, halafu uitwe mke wa kasisi? Araksi, hata mbuzi wa Ghevond watacheka!"

Haykanush alikuwa upande wake wa ukuta, mkasi wa kupogolea mizabibu mkononi. Mimi nilikuwa upande wangu na beseni la nguo. Tumegawana ukuta huo miaka kumi na tisa, na hakuna habari ya kijiji isiyopita juu yake.

"Anayepigiwa kura ni mume wangu, si mdomo wangu."

"Ni kitu kimoja, shoga! Atakachoambiwa na mgonjwa asubuhi, jioni kitakuwa kwa muuza mkate."

Hapo ndipo palipouma. Mume wangu, Shemasi Norayr, alikuwa amengoja miaka sita. Askofu alikuwa tayari kumpa ukasisi, ila kwetu askofu haanzi yeye. Barua hutoka kwanza kwa baraza la parokia, watu saba tuliowachagua wenyewe kanisani, waseme huyu tunamtaka. Watatu walimtaka Norayr. Watatu walitaka kasisi mtawa, asiye na mke. Wa saba alikuwa Haykanush, na baraza lilikuwa likae alasiri hiyohiyo.

"Mimi namtaka Papken wangu," akasema. Papken ni mtawa, mtoto wa dada yake, mwenye ile kofia nyeusi yenye ncha. "Kijana msomi, hana mke. Kesho keshokutwa askofu, na nani ajuaye, siku moja Katolikosi mwenyewe, mkuu wa kanisa letu lote! Norayr wako ameshaoa, na aliyeoa hapewi uaskofu. Ataishia hapohapo kwenye ukasisi."

"Na ndiyo raha yake! Watawa watatu tumeletewa. Wa kwanza akapandishwa, akaenda mjini. Wa pili wakampeleka ng'ambo. Wa tatu tulimzoea Pasaka, Krismasi hayupo. Hatutafuti wa kupanda sisi, tunatafuta wa kubaki. Siku ya mama yako ikifika atazikwa na nani? Na simu?"

Mzee Ghevond, mjumbe mwenzake barazani, alikuwa ng'ambo ya njia na kikombe chake cha kahawa. Akacheka hadi akapaliwa. "Haykanush, hapo kakupata!"

Uso ukamwiva. Alijua ni kweli. Mwaka jana, Sikukuu ya Mama wa Mungu, tulimngoja kasisi wa kuazima, mwenye vijiji vitano, aje kubariki zabibu. Zabibu haziliwi kabla ya baraka. Alifika jua likizama, na mama yake Haykanush, miaka tisini na moja, alishinda na kishada mapajani asionje hata punje.

"Haya, mume ni mzuri," akasema. "Tatizo ni wewe. Nitajie siri moja tu uliyowahi kuijua ukaifungia mdomo. Moja! Nami nasaini barua."

Mzee Ghevond akakishusha kikombe chake.

Nilikuwa nayo. Siku tatu kabla ya sikukuu hiyo, nikianika nguo, nilimwona Haykanush, mjumbe wa baraza, mbebaji wa sinia la zabibu mbele ya madhabahu, amechuchumaa nyuma ya mzabibu wake anakula kishada kizima, mbegu anazifukia kwa dole gumba la mguu. Leo naiandika kwa sababu mwenyewe huisimulia kila mwaka, na kila mwaka vishada vinaongezeka.

Nikautazama mzabibu ule. Nikalitazama lile dole gumba. Kisha nikamtazama yeye.

"Ninayo," nikasema. "Ina miezi minane. Ila nikiitaja hapa, Mzee Ghevond anasikia, haitakuwa siri tena."

"Itaje, mwanangu, itaje!" akapayuka Ghevond.

"Wewe nyamaza!" Haykanush akamfokea. Mkasi ukamponyoka. Akainama kuuokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko mkasi unavyohitaji.

Alasiri Norayr alipata kura nne kwa tatu, na barua ikaenda kwa askofu. Haykanush alitoka barazani akaja moja kwa moja ukutani, wino bado kidoleni.

"Hata Norayr hukumwambia?"

"Hata Norayr."

Akaenda akaufungua mlango wake wazi.

"Mumeo akishawekewa mikono na askofu atafungiwa kanisani siku arobaini za sala, ndiyo desturi, na wewe kula peke yako huwezi, utaongea na sufuria. Anza kuzoea kwangu. Nimepika tolma, mchele uliofungwa kwenye majani, na majani ni ya mzabibu uleule. Ingia ule, mke wa kasisi."