Herufi Chini ya Rangi Nyeupe

Mama Mikate alinunua gari kwa kaka yake kwa sababu baiskeli ilikuwa imemshinda. Mikate ilifika madukani imebonyea, na wateja walishaanza kununa. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, ila weupe wa kubahatisha: boneti imepauka, milango inabanduka magamba.

"Injini nzima kabisa," kaka alimwambia. "Nililitafuta linalofanana na la marehemu mzee, liwe kumbukumbu. Kadi yake inakuja. Rangi utajipigia mwenyewe."

Gereji walipomtajia bei alicheka, akaaga. Mumewe, seremala, akamletea msasa uliobaki kazini, ndoo ya maji ya sabuni na magazeti ya kuziba vioo.

"Usikandamize," alimwelekeza. "Lowesha, sugua taratibu. Ukifika kwenye rangi iliyoshika, acha."

Akaanza na mlango wa dereva. Nyeupe haikumsumbua, ilitoka vipande vipande, maana aliyeipiga hakujali hata kukwangua ya chini. Chini yake palikuwa na kijani. Kijani kile alikijua, lakini akajiambia magari ya kijani yamejaa tele. Akaendelea kusugua, na chini ya dirisha ikajitokeza herufi ya njano, kisha nyingine, mpaka akasoma: FUNDI REDIO. R ilikuwa na mguu mrefu uliopinda. Baba yake aliichora kwa mkono wake mwenyewe, na walipokuwa watoto walimtania kwamba R yake inachechemea.

Alikaa chini, palepale kwenye maji ya sabuni.

Gari la baba liliibwa uani mzee akiwa amelazwa hospitali. Wa mwisho kuliendesha alikuwa seremala, aliyempelekea mgonjwa chakula. Alisema ufunguo aliurudisha kwenye msumari wake. Mzee hakumwamini. Tangu hapo hakuitikia salamu ya mkwewe, na alikufa bila kumtazama usoni. Kaka ndiye aliyekuwa akimtuliza: "Mwache tu, mzee. Tutafanyaje, ndiye mume wa dada." Wote walimsifu kwa busara yake.

Mama Mikate alimwita mama yake, kisha akampigia kaka simu kwamba rangi imemshinda, aje amsaidie.

Kaka alipofika alimkuta mama ameketi mbele ya mlango ule, kiganja juu ya herufi. Seremala alisimama pembeni.

"Mwanangu, hili gari ulilitoa wapi?" mama aliuliza.

Kaka alimtazama dada yake kwanza, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. "Mama, hayo ni ya zamani. Nilikuwa nimebanwa na madeni, nikalificha kwa rafiki nije kuliuza. Nilitaka kusema, siku zikapita."

"Ukamwacha baba afe akimwita mume wangu mwizi," Mama Mikate alisema. "Na mezani kwetu ulikuwa unakula. Halafu ukaniuzia mimi, kwa sababu nani mwingine angelinunua bila kuiona kadi?"

Kaka akageuka kuondoka.

"Siku ya mazishi ulinishika bega, shemeji," seremala alisema polepole. "Ukaniambia nikae nyuma, nisije nikawaudhi watu. Nikakaa nyuma. Nilikushukuru hata."

Kaka akaondoka. Mama yao hakumsindikiza. Alimgeukia seremala, akamwomba radhi kwa niaba ya marehemu. Seremala akasema, "Yameisha, mama," lakini alikwenda nyuma ya nyumba na akakawia kurudi.

Baadaye kaka alituma kopo la rangi, ile ya bei kubwa. Mama Mikate alilirudisha kwa aliyelileta, bila salamu. Fedha yao wenyewe ilitosha rangi ya msingi tu, kwa hiyo mikate inasambazwa kwa gari la kijivu, na watoto wa mtaani wanaliita Punda. Akikutana na kaka yake dukani humsalimia vizuri, kama anavyomsalimia mteja asiyemjua, kisha huendelea kupanga mikate yake.