Kitambaa cha Mishono Kumi na Miwili

Siku mume wake aliyekwisha kuzikwa aliporudi nyumbani, Olga alikuwa amechutama uani mbele ya mabakuli matatu ya maji ya moto, akijaribu nyuzi.

Alikuwa na mpaka Jumamosi. Mama Dorothée, mkuu wa karakana ya ushonaji ya akina mama hapo Kasongo, alikuwa amemwagiza kitambaa kimoja cha mfano: mishono kumi na miwili, kila mshono na mstari wake, kila mstari na rangi isiyofanana na ya jirani yake. Kingetundikwa ukutani, wasichana wakitazame na kukifuata. Kikimpendeza, Olga ndiye atakayewafundisha. Alimpa kipande cha kaneva, kile kitambaa kigumu chenye matundu madogo yaliyojipanga kama ya chekecheo, na sharti moja: asichague rangi isiyopatikana soko la Kasongo.

"Musichana atatafuta rangi ya Bukavu mpaka achoke," alisema Mama Dorothée, "kisha atasema kudarizi ni kazi ya matajiri."

Basi Olga alizunguka soko asubuhi nzima, akarudi na nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu ya mbingu, manjano, rangi ya mawese, na kijani za aina mbili, moja kama sombe mbichi, yale majani ya mihogo, na nyingine kama sombe iliyokwisha kuiva chunguni. Sasa alikuwa akizitumbukiza moja moja ili kuona ipi inachuja. Nyekundu ilichuja. Maji yalibadilika yakawa kama yaliyooshewa nyama. Aliitoa akaiweka kando.

Hapo pikipiki ilisimama nje ya ua. Mtu alishuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, mfuko mmoja begani. Naomie, binti wa Olga mwenye miaka kumi, aliacha mchi wake.

"Jambo papa," alimsalimu, kama mtoto anavyomsalimu mwanamume yeyote. "Unatafuta nani?"

Mtu yule alishusha mfuko chini. Alikuwa anamtazama Olga.

Olga alimjua palepale. Alilijua sikio lile la kushoto lililokatika ncha, na mguu ule uliotangulia kidogo kila aliposimama. Miaka sita iliyopita habari zilifika kwamba ng'ambo ya Kabambare shimo la dhahabu limeporomoka na kumeza watu kumi na mmoja, Emile akiwa miongoni mwao. Maiti hazikupatikana. Walizingoja miezi mitatu. Mwishowe Kitenge, kaka mkubwa wa Emile, alisema mtu hawezi kuliliwa hewani siku zote. Wakakata shina la mgomba urefu wa mwanamume, wakalivika shuka, wakalizika nyuma ya nyumba na kusimika msalaba. Pindo la shuka lile Olga alilidarizi mwenyewe. Alilia siku ile mpaka sauti ikamkauka, akawa wiki mbili anaongea kwa mikono.

Sasa alimtazama mtu huyu akangoja kitu kimjie. Hakikuja. Alichokifikiri ni kwamba uzi wa bluu ungali bakulini, na maji yakipoa hatajua kama rangi imekaa kweli.

"Karibu," alisema. "Naomie, leta kiti."

"Mama Naomie. Ni mimi."

"Naona."

Jirani aliyechungulia juu ya ua ndiye aliyepiga kelele. Kabla ya saa moja kupita ua ulijaa. Kulikuwa na vigelegele, na mama mmoja alianguka chini akapepewa kwa kanga yake mwenyewe. Olga aliutoa uzi wa bluu, akaukamua, akauanika kambani katikati ya watu.

Jioni, Kitenge alipofika, Emile alieleza. Alikuwa amegombana na mkubwa wa shimo, akaondoka siku moja kabla halijaporomoka. Alikwenda Lusangi. Huko mfanyabiashara mmoja wa Kasongo alimsimulia kilio cha nyumbani, na kaburi, bila kumjua kuwa ndiye.

"Nikasema, kama wamekwisha kulia, basi. Nikiwa mutu wa kurudi mikono mitupu, heri wabaki vile." Alikohoa. "Kulikuwa na mwanamuke. Alirudi kwao Fizi. Na kifua hiki, vumbi ya mawe imekiharibu. Nikaona nirudi."

"Lusangi!" Kitenge alishika kichwa. "Lusangi hapa hapa! Mutu anatoka asubuhi na pikipiki, mvua kama haijanyesha, jioni iko kwao! Miaka sita?"

Watu wote wakamgeukia Olga. Walitaka alie, au apige, au apige magoti ashukuru.

"Barabara iko namna gani?" aliuliza.

"Mubaya," alijibu Emile.

"Ndiyo," alisema Olga, akaenda kutoa sombe jikoni.

Siku ile Emile alitandikiwa mkeka chumba cha mbele. Olga alilala na binti yake.

Asubuhi ya pili alianza na nyeusi. Alipima uzi kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, akaupasua, akatumia nyuzi tatu kati ya sita zilizousokota. Mstari wa kwanza, mshono wa msalaba. Wanawake wa kanisa walikuja kusali. Walisema, "Mungu amekutendea makubwa, mama." Alijibu, "Amina," huku akihesabu matundu, na hakupoteza hesabu hata mara moja.

Emile alisogeza kiti karibu. "Kwa nini umeanza na nyeusi?"

"Nyeupe inashika uchafu wa mukono. Inakuja mwisho."

"Na ile nyekundu iko wapi?"

"Inachuja. Nilitafuta ingine."

Ile nyingine ilikuwa nyekundu ya tofali, imefifia kidogo, lakini ilikuwa imekaa katika maji ya moto bila kutoa hata tone. Olga aliweza kuongea na Emile juu ya nyuzi kutwa nzima. Akiuliza jambo jingine, maneno yalimwishia Olga mdomoni, si kwa hasira, ni kwamba hayakuwapo.

Naomie ndiye aliyezoea upesi. Alimvisha baba yake kishada cha uzi kwenye viganja viwili, akawa anauzungusha kuwa donge. Emile akainamisha mikono kulia na kushoto kama anayecheza ngoma, na mtoto akacheka mpaka uzi ukamponyoka. Olga aliwatazama jinsi mtu anavyotazama mvua ikinyesha ng'ambo ya mto Lualaba. Unaiona kabisa. Haikuloweshi.

Alhamisi, alipokuwa mstari wa tano, alisikia mti ukivunja udongo nyuma ya nyumba. Alikwenda na sindano mkononi. Emile alikuwa ameung'oa msalaba. Alikuwa ameushika kifuani, jina lake likitazama nje, naye akitabasamu kama mtu aliyefanya kazi ya kumpendeza mkewe.

"Mutu anayeishi hawezi kuwa na kaburi," alisema. "Nitapanda mihogo hapa."

"Rudisha."

"Mama Naomie, mule ndani ni mugomba tu."

"Najua. Niliushonea shuka." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaisikia kama sauti ya mtu wa nyumba ya pili. "Ule nilimulilia. Weye sijakulilia. Rudisha musalaba."

Emile alitazama ardhi. Akaurudisha. Uliegemea upande, Olga aliunyoosha akaushindilia udongo kwa kisigino. Alirudi kitini pake. Kile kilichokuwa kimepanda kikashuka kisionekane kimekwenda wapi. Aliona mishono minne ya mwisho imelala upande usio wake. Aliifumua, akaendelea.

Jumamosi alimpelekea Mama Dorothée kitambaa. Mama yule hakutazama mbele. Alikigeuza kwanza, kama wafanyavyo wenye kazi yao, akapitisha kidole gumba upande wa nyuma wa mishono. Hapakuwa na fundo hata moja, wala uzi uliorukia mstari wa mwenzake.

"Habari ya mume wako ilinifikia siku ile ile," alisema. "Nilijua utaniletea kitu kimesokotana. Mutu wa kurudishiwa mume anadarizi vile?"

Olga aliokota kipande cha uzi sakafuni.

"Uko na furaha, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Uchungu?"

"Hapana. Niko tu."

Mama Dorothée alikigeuza upande wa mbele, akakipeleka mlangoni penye mwanga. Alikitazama muda mrefu. "Mustari wa saba na wa nane. Nyekundu ya tofali, na rangi ya mawese kando yake. Musichana atajua wapi moja inaisha?"

Olga alisogea. Alitazama. Kweli, hatua mbili tu kutoka hapo mistari ile ilikuwa imeungana ikawa mmoja mnene.

"Uliona ukaacha?"

"Sikuona."

"Mikono yako iko hapa. Macho ndiyo haiko." Alisema bila kulaumu, akamvutia kiti. "Fumua wa nane. Chagua rangi ingine, mimi nangoja."

Olga alifumua. Akamwaga nyuzi zake mezani, akakaa kuzitazama kwa makini kuliko alivyozitazama wiki nzima. Alijaribu manjano, akaitoa. Alijaribu kijani ya sombe mbichi, akailaza juu ya kaneva, akarudi nyuma hatua mbili, akaiacha hapo. Alidarizi mpaka adhuhuri. Mama Dorothée alikuwa akikata vipande vya nguo mezani pake.

"Jumatatu, saa mbili," alisema alipokipokea. "Wasichana iko kumi na saba. Wawili ni wavivu, utawajua."

Nyumbani Olga aliwakuta Emile na Kitenge wamekaa uani. Aliwaambia akiwa amesimama bado.

"Baba Naomie utalala kwa kaka yako, yaya Kitenge. Muchana utakuja, utamuona mutoto, utakula."

"Mpaka lini?" aliuliza Emile.

"Sijui."

"Umenikataa?"

Olga alilifikiria swali lile kwa haki, maana aliona linastahili. "Sijakataa," alisema. "Bado sijafika pale."

Kitenge alitaka kusema neno la ukubwa wake, Emile akamzuia kwa mkono. Alichukua mfuko wake, ule ule mmoja, akatoka. Naomie alimsindikiza mpaka njiapanda.

Mambo yakakaa hivyo. Watu walisema walivyosema, kisha wakapata mengine ya kusema. Emile alikuja karibu kila siku, akimpeleka mtoto shule, akikohoa njia nzima. Kiangazi alibadilisha nyasi za paa la jikoni. Olga alimpa chakula, naye akashukuru, na siku nyingine waliongea juu ya wale wasichana wawili wavivu.

Mwezi wa nane, sokoni, Olga alimwona mwanamume kwa mgongo, amesimama penye samaki wakavu. Alikuwa akipima samaki kwa kumnusa, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia, na shingo yake ilikuwa imeinama kwa namna iliyompendeza Olga ghafla, akajiuliza huyu ni wa nani. Mtu akageuka. Alikuwa Emile.

Alisimama kidogo, kapu kichwani. Emile hakumwona. Kisha Olga akaenda upande wa chumvi, maana chumvi ilikuwa imekwisha tangu juzi.