Povu Nyumbani kwa Fosia

Bomba lilikohoa, likapiga chafya, kisha likamwaga povu. Povu tupu! Glasi ilikuwa nyeupe mpaka ukingoni, na chini kabisa kijitone cha sharbati ya ukwaju kimejikunyata kwa aibu.

"Hii ni ya kunywa ama nioge nayo?" akauliza Mama Abdirahim, na sebule nzima ya wanawake ikaangua kicheko.

Fosia naye akacheka, ila kwa meno tu. Mama Abdirahim, mama wa bwana harusi, alikuwa ametoka Eldas kuja kuona kama nyumba hii itaweza vinywaji vya harusi ya Ilhan, binti wa Fosia. Ikishindwa, analeta soda zake. Akishaingia na soda ataingia na wapishi, na hapo Fosia atabaki mgeni kwenye harusi ya binti yake mwenyewe. Garissa yote ingekuwa na habari kabla ya magharibi.

Na mashine yenyewe aliitangaza mwenyewe mtaa mzima! Kipipa cha chuma, mtungi wa gesi, mpira na bomba, vyote vipya, kaka yake Mustafe kavituma kutoka Nairobi. Huko wenye baa hutilia bia. Hii ya Fosia ilisilimu ilipovuka daraja la Tana.

Akakimbilia jikoni na simu.

"Mustafe, inatoa povu!"

"Punguza gesi."

Akapunguza. Povu.

"Basi mpira umepata joto. Garissa hiyo, abaayo, dada yangu! Ufunike na barafu."

Akaufunika. Povu.

"Glasi ziko safi?"

"Unaniuliza mimi usafi? Walahi nikikata simu usinipigie mpaka Idi!"

"Basi kuna mtu anaitikisa."

"Nani aitikise? Imekaa kwenye beseni la barafu, karibu na Eedo Weris..."

Fosia akachungulia mlangoni. Eedo Weris, shangazi yake, alikuwa amenogewa na habari za mwanamume wa Hadado aliyeoa mke wa pili kwa simu. Mdomo ulikuwa kwenye habari, kiganja kwenye kipipa: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Tangu usichana hajapata kuketi na chombo chenye kitu ndani akakiacha kitulie. Kwao maziwa husukwasukwa kibuyuni huku watu wakipiga soga, mpaka siagi itoke.

Kumkanya mbele ya wakwe? Hata kidogo.

"Eedo, hebu sogea huku kwa Mama Abdirahim. Hapo hasikii vizuri, na mke mkubwa bado hajashika simu!"

Eedo Weris akahama na hadithi yake. Mke mkubwa akashika simu, akampigia mke mdogo, wakapatana, wakamgeukia mume. Muda wote huo kipipa kimetulia kwenye barafu bila mtu kukigusa.

Ndipo Fosia akainamisha glasi, akafungua bomba lote. Sharbati ikashuka nyeusi, baridi, na povu la upana wa kidole tu juu.

Mama Abdirahim akanywa mpaka mwisho. Akacheua kidogo.

"Alhamdulillahi. Haya, soda zangu zibaki Eldas. Lakini siku hiyo mimi ndiye nitamimina. Watu wangu waone mkono wangu."

Fosia akapiga hesabu upesi: soda hakuna, wapishi hakuna, ni mkono mmoja tu.

"Haye, Mama Abdirahim, karibu," akasema, akimwongezea. "Njoo mapema nikuonyeshe glasi inavyoinamishwa."